Mtungo wa Tini Dume

Kaka yangu Akli alinipigia simu mwanzoni mwa Juni kuniambia ameagiza saruji. Habari ya mtini hakuitaja. Ndivyo alivyo tangu utotoni: ukitaka kujua amevunja nini, sikiliza anatafuta gundi gani.

"Saruji ya nini?" nikamuuliza.

"Ya banda la gari. Mwanangu Yuba amenunua gari la mizigo, linashinda juani mpaka rangi inabambuka."

"Na hilo banda litakaa wapi?"

Akakohoa, nami nikajua. Nyumba yetu ya kijijini iko juu ya mgongo wa mlima, imebanwa na za jirani kushoto na kulia, haina pa kuweka hata kuku wa ziada ila kile kiwanja mbele ya mlango. Na kiwanja kile kina mwenyewe, nao ni mtini wa Mama.

"Tasadit, ule mti umekwisha," akasema Akli. "Unatoa tini, zinakua mpaka zinafika kama zeituni, halafu Julai unazimwaga zote chini. Mwaka wa kwanza nikavumilia, wa pili nikavumilia. Watu wanasema unamlilia Mama."

"Kama unamlilia, ndiyo uukate?"

"Sasa nifanye nini, niupe mkono wa pole?"

Nikamwambia asiguse tawi, nakuja. Akasema nije nitazame mwenyewe, lakini saruji imeshalipiwa. Tukakata kauli papo hapo kwenye simu, maana sisi wawili tusipokata kauli tunakatana wenyewe: siku baraza la kijiji litakapofungua msimu wa tini, mwezi wa Agosti, tukikosa cha kuchuma, mti utakatwa na mimi sitafungua mdomo. Kwa mtu anijuaye, hiyo ni ahadi kubwa.

Mimi nimeshona magauni ya harusi Aljeri mpaka macho yangu yakaomba kupumzika. Mjini tini zipo, zimepangwa kwenye visahani vya plastiki kama mayai. Kila mwaka nilizinunua na kila mwaka nilijitukana. Unauma, unapata maji yenye sukari kwa mbali, unabaki unatazama ukuta. Tini za Mama zilikuwa nyeusi, ngozi ikipasuka yenyewe mistari myeupe, na asubuhi kabla ya jua kuwa kali zilikuwa na tone la asali mdomoni. Tulizila na mkate wa moto uliochovywa mafuta ya zeituni. Nimekula karamu nyingi za harusi katika maisha yangu na sijala kitu cha kulinganisha na hicho, nasema hivyo bila kutia chumvi.

Mtini wetu ni jike. Tini jike bila tini dume hazikai mtini. Ndiyo maana kila mwisho wa Juni watu wa kwetu hutungua tini dume, zile za mitini mwitu ambazo hazina ladha wala faida tumboni, wakazitunga kwenye jani gumu la mlimani na kuitundika mitungo hiyo matawini. Ndani ya kila tini dume mna vidudu vyeusi vyenye mbawa, vidogo kuliko viroboto. Vinatoka vimejipaka unga, vinaingia kwenye tini jike, na kazi imekwisha. Mtoto yeyote wa kijijini anajua hayo. Akli naye anajua.

"Nilitundika!" alinijia juu nilipofika. "Unadhani mimi mjinga? Kila mwaka nimekwenda sokoni, nikanunua mitungo mizuri kabisa, tini nono, za njano, laini. Mti ukazikataa."

Nikautazama mti. Majani mapana, shina lile lile lenye kovu la panga, na tini changa zimejaa kila tawi. Zilikuwa nyingi, na zote zingekuwa chini mwezi ujao. Nikashika shina nikalia bila kujificha. Akli akaingia ndani kutengeneza kahawa, maana hajui la kufanya mtu akilia.

Jumamosi tukashuka sokoni.

Soko letu la Jumamosi liko kwenye uwanja wa chini, penye njia panda. Nilipokuwa mdogo lilikuwa soko la wanaume watupu. Mwanamke hakukanyaga, labda awe hana mume, hana baba, na hana jinsi. Baada ya vita wakawapo wawili wa namna hiyo kijijini kwetu. Mmoja alikuwa Mama, Wardia. Wa pili alikuwa Malha wa mtaa wa juu. Waume zao walikwenda msituni siku moja na hawakurudi. Wazee wa soko wakawaruhusu wakae ukingoni, chini ya ukuta wa mawe nje ya lango, kila mmoja na vikapu vyake.

Na walichukiana! Soko zima lilijua. Kila Jumamosi ya msimu wa tini Malha alianza yeye, kwa sauti ya kuamsha maiti: "Njooni muone tini za Wardia! Chungu kama maneno yake! Hata nyuki anazikimbia!"

Mama naye hakukubali kulala na deni. Alijifunga kitambaa kichwani upya, akasimama, akajibu: "Wenye meno njooni kwangu! Wasio na meno waende kwa Malha, tini zake zimekwisha kutafunwa na kondoo!"

Wanaume waliacha kuchagua punda wao wakaja kusimama mbele ya ukuta, wakicheka, wakionja huku na kule ili waamue nani mwongo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya vikapu, nimejaa fahari na woga. Nilimchukia Malha kwa moyo wangu wote. Nikikutana na binti zake njiani niligeuza uso, nao wakageuza zao.

Sasa soko lina mahema ya nailoni na vipaza sauti, na wanawake wako kila mahali wakibana maharage mabichi na kunusa aprikoti kama ilivyo haki yao. Nilizunguka kwanza bila kununua, kama Mama alivyokuwa akifanya. Cheri zilikuwa zinamalizika, zimeiva kupita kiasi. Vitunguu vilikuwa bado na udongo wa jana. Kuna furaha katika kuona kitu kimeletwa wakati wake, na sikujua nimeikosa kiasi gani mpaka nilipojikuta nanusa fungu la kotimiri nimefumba macho. Akli akanivuta mkono.

"Tini dume ziko kule. Twende kabla hazijakwisha."

Wauzaji walikuwa vijana wa bondeni, mitungo imening'inia kwenye milango ya magari yao. Tini zilikuwa nono, za njano, nzuri za kupigwa picha.

"Karibu, mama, karibu! Mabwana harusi wa leo leo! Mtungo mmoja unaioa mitini ya ukoo mzima!"

Nikatungua moja nikaipasua kwa kucha, nikaiweka kiganjani, nikangoja. Mama alikuwa akingoja hivyo. Hakuna kilichotoka. Nikapasua ya pili, ya tatu. Ndani palikuwa pakavu, vitundu vitupu.

"Mama," kijana akasema, "unanunua tini au unafanya upasuaji?"

"Nafanya uchunguzi wa maiti," nikamjibu. "Bwana harusi ameshaondoka, mwanangu. Unaniuzia koti lake."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini akahamisha mitungo yake mbali na kucha zangu. Nikaenda gari la pili, la tatu, ni yale yale. Bondeni joto huanza mapema, tini dume zao huiva mapema, na vidudu hutoka na kwenda zao wakati mitini yetu ya mlimani bado haijawa tayari. Na Akli, bwana wa kupenda vitu vinono, amekuwa akipandisha makoti matupu mlimani kila mwaka na kuutundikia mti wa Mama.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akanuna.

"Basi tutafute za huku huku juu," nikasema.

"Za huku zilikwisha mwaka wa moto. Korongo lote la mitini mwitu liliungua, Tasadit, hukuwepo. Hakuna mwenye tini dume tena kijijini. Ila yule."

Akanyoosha kidevu kuelekea langoni. Chini ya ukuta wa mawe, mahali pale pale, alikuwa amekaa kikongwe amejikunyata ndani ya shali yake, mbele yake kikapu kimoja kimefunikwa kwa majani mabichi ya jimbi. Sikuamini kwamba yungali hai. Moyo wangu, mzee mzima mimi, ukadunda kama nimefumaniwa na adui.

"Usiende," Akli akanong'ona. "Huyo ni adui wa Mama. Atakutia aibu mbele ya watu."

"Aibu yangu na mti, kipi kizito?"

Nikaenda. Akli akanifuata kwa mbali kidogo, kama mtu asiyetaka kujulikana amekuja na nani.

"Nani huyo ananizibia jua?" kikongwe akauliza.

"Shikamoo, Nna Malha," nikasema. Nna ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri, hata awe adui. "Mimi Tasadit wa Wardia."

"Marahaba. Yule aliyekimbilia mjini." Akanitazama kutoka viatu hadi kitambaa. "Umenenepa."

"Na wewe umepungua. Ulimi tu ndio umebaki saizi yake."

Nilisikia Akli akivuta pumzi nyuma yangu. Malha akacheka mpaka fizi zikaonekana, akafunua kikapu bila kuombwa. Chini ya majani ilikuwa mitungo michache ya tini dume, ndogo, za kijani, zenye makovu, mbaya za kutazama. Nikachukua moja nikaipasua. Nikangoja. Kidudu cheusi kikachomoza kichwa, kikajivuta nje, kikakunjua mbawa zake zilizojaa unga, kikatambaa juu ya kidole changu. Kikafuata kingine. Kiganja kile hakikuwa changu tena, kilikuwa cha Mama, nami nilikuwa nimesimama ubavuni kwake nikivuta gauni lake nione.

"Nitaichukua yote," nikasema. "Bei gani?"

"Haiuzwi."

"Umeileta sokoni kufanya nini?"

"Inapunga hewa."

Nikaanza kupandwa na hasira, na nikipandwa mimi huwa sishuki haraka. "Nna Malha, nakuheshimu, umri wako unanizuia. Kama una kisirani na mama yangu, mama yangu yuko kaburini, na mti wake utakatwa Agosti. Ukitaka uone ukikatwa, sema tu, nikuletee kiti."

Uso wake ukabadilika. "Ukatwe? Nani anaukata?"

Akli akatazama viatu vyake.

"Kaa chini, mtoto wewe," Malha akaniambia. "Kaa, nimechoka kutazama juu. Mama yako hakukufundisha kwamba tini dume haiuzwi kwa mtu wa kijiji kimoja? Huposwa. Unakwenda kwa mwenye nayo, unaomba kama anavyoombwa mume, na mahari yake ni kikapu cha kwanza siku ya kufunguliwa. Wardia alikuwa akiposa wapi, unavyodhani?"

"Kwa wajomba zake, ng'ambo ya bonde. Alikuwa akitoka alfajiri."

"Kwangu!" akapiga goti lake. "Alikuwa akija kwangu. Tangu mwaka ule waume zetu walipopotea mpaka mwaka aliokufa."

Akli ndiye aliyesogea. "Lakini kikapu cha kwanza Mama alikuwa anakipeleka ziarani, kwenye kaburi la walii. Alituambia anakipeleka kwa mwenyewe. Ndiyo maana tulikuwa hatugusi."

"Basi mwenyewe ndiye mimi. Sijawa walii bado, lakini nangoja."

"Nna Malha," nikasema, "mlikuwa mkitukanana. Kila Jumamosi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Tukitukanana kweli kweli. Sikiliza. Wajane wawili chini ya ukuta, nani angewatazama? Siku ya kwanza tulikaa kimya kwa adabu, wanaume wakapita kama tumekuwa mawe ya ukuta, tukarudi na tini zetu zimechacha na watoto wana njaa. Njiani mama yako akaniambia: Malha, wiki ijayo nitukane. Nikamwambia siwezi, nakupenda. Akaniambia, nitukane hivyo hivyo huku unanipenda. Jumamosi iliyofuata nikamtukana. Akanijibu, mama yangu! Nilitaka kumvua kitambaa! Na kabla ya adhuhuri vikapu vilikuwa vitupu." Akafuta jicho kwa ncha ya shali. "Tukaona tusiwaambie hata nyinyi watoto. Mngecheka wakati mbaya, biashara ingeharibika. Halafu miaka ikapita, ikawa ni yetu tu."

Mimi na Akli tukatazamana. Nilimchukia mwanamke huyu utoto wangu wote, na usiku nililala nimeshibishwa na matusi yake.

"Sasa kwa nini hukuja nyumbani?" Akli akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Unajua mti unamwaga. Kijiji kizima kinajua."

"Bwana harusi hajipeleki mahali ambapo hakuposwa. Kila mwaka tangu afe naileta mitungo ya Wardia hapa, nakaa nayo. Nasema leo watakuja. Soko linavunjika, nairudisha imenyauka. Na wewe unapita mbele yangu kama nina ukoma, husalimu, unakwenda kununua maganda kwa wale vijana wa bondeni."

Akli akawa mwekundu mpaka masikioni. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, maana sauti ya Malha, hata kwa umri ule, haikujua kunong'ona.

"Basi tunaposa," nikasema. "Nna Malha, tunaomba…" Nikakwama. Maneno yenyewe siyajui. Nimevisha mabibi harusi maisha yangu yote na sijawahi kuposa.

Akli akavua kofia yake. Akasimama wima mbele ya kikapu, mzee wa watu, kichwa cheupe, akasema kwa sauti ya kusikika: "Nna Malha, tumekuja kwako, mimi na dada yangu, watoto wa Wardia. Tuna binti nyumbani. Umri umekwenda kidogo na watu wanamsema kwamba hashiki mimba. Hana aibu nyingine. Tunamwombea mume kwako."

Kicheko kikalipuka. "Apewe!" mtu akapaza sauti. "Apewe, maskini!"

"Mahari?" Malha akauliza, bila kutabasamu.

"Kikapu cha kwanza."

"Mkikosa kikapu?"

Akli akatazama kofia yake. "Tukikosa, utakatwa. Saruji iko njiani, siwezi kukudanganya."

Malha akainua mitungo mmoja mmoja, akaiweka mikononi mwangu kama anayenikabidhi mtoto mchanga. "Itundikeni kesho jua likichomoza. Upande wa juu zaidi, vidudu hushuka. Na msiifunge kwa nailoni, mtavipika."

Kesho yake nilipanda ngazi mwenyewe. Akli aliishika chini akinilaumu kwa kila hatua. Nilipotundika mtungo wa mwisho jua lilikuwa limeufikia mti, na nikaviona vidudu vikitoka, kama masizi mepesi, vikipotelea katika majani. Nikakaa juu ya ngazi nikivitazama mpaka Akli akaniuliza kama nataka niletewe chakula huko huko.

Kisha Julai ikaja na joto lake. Saruji nayo ikaja. Yuba aliipanga kando ya mlango na kuifunika, nami niliifanya kiti changu cha kuchambulia maharage, ili Akli akipita aone nani amekaa juu ya nini. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilitoka kutazama chini ya mti. Asubuhi moja nikakuta tini changa zimedondoka, nyingi, zimenyauka. Nikaziokota na kuzificha kwenye aproni. Nilipoinuka nilimwona Akli dirishani. Alikuwa ameniona. Akafunga dirisha.

Kesho yake zikadondoka chache. Kesho kutwa nikaikuta ardhi safi. Sikumwambia mtu. Nilirudi ndani nikakanda unga wa mkate kwa nguvu mpaka wifi yangu akaniuliza nani kaniudhi.

Zilizobaki zikashika. Zikanenepa, zikaanza kuinamisha shingo, kisha weusi ukaingia. Tini moja ya tawi la chini ikatangulia wenzake, ikapasuka mistari, ikatoa tone lake, na baraza lilikuwa bado halijafungua. Kwetu kuchuma kabla ya kufunguliwa ni kosa hata kama mti ni wako na umeupanda mwenyewe, ili tini zote ziive na maskini asipitwe. Akli alizunguka tawi lile kama paka.

"Ikianguka yenyewe je?" akaniuliza.

"Ikianguka yenyewe ni ya ndege. Na nakuona ulivyokaribia kupiga chafya."

Ijumaa jioni kipaza sauti cha kijiji kikatangaza: kesho msimu unafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba mpaka mtaa wa juu. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika mlango.

Asubuhi tulichuma sote. Nikajaza kikapu cha Mama, kile chenye mpini ulioshonwa upya, nikakifunika kwa majani ya mtini wenyewe. Hakuna aliyeonja. Nilipokwenda ndani kuchukua shali nikasikia sauti ya sepetu. Nikatoka mbio, moyo mkononi. Akli alikuwa amefungua mfuko mmoja wa saruji, anakoroga.

"Unafanya nini?"

"Udongo unamong'onyoka upande huu," akasema bila kuniangalia. "Mizizi iko nje. Naujengea ukingo."

"Na gari la Yuba?"

"Gari ni chuma. Litalala nje." Akanawa mikono, akavaa kofia, akashika upande wa pili wa mpini. "Twende, kabla bibi hajasema tumekimbia mahari."

Soko lilikuwa limefurika. Siku ya kwanza ya tini huwa hivyo, watu hata wasionunua huja kunusa. Malha alikuwa chini ya ukuta. Nilipokiona kichwa chake nikaongeza hatua. Tukaweka kikapu mbele yake, Akli akafunua majani.

Hakusalimu. Alichagua tini moja, akaigeuza, akaipasua kwa vidole gumba na kuitazama ndani muda mrefu. Akaitia kinywani. Alitafuna kwa fizi, taratibu, macho yamefumbwa, nasi tumesimama kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Kisha akafumbua macho, akajifunga kitambaa vizuri, akainua kidevu, na sauti ikatoka katika kile kifua kikavu, sauti ya kuamsha maiti:

"Njooni muone tini za Wardia! Chungu kama maneno yake! Hata nyuki anazikimbia!"

Watu wakageuka. Vijana wakatazamana wakidhani bibi amechanganyikiwa. Lakini hapa na pale wazee waliacha walichoshika. Na mimi, kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa kichwani unakaza kitambaa, na kinywa changu kimefunguka:

"Wenye meno njooni kwangu! Wasio na meno waende kwa Malha, tini zake zimekwisha kutafunwa na kondoo!"

Sikuijua sauti ile. Ilikuwa pana, yenye mkwaruzo mwishoni, na iliugonga ukuta ikarudi. Akli alinishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma. Mzee mmoja karibu na lango alivua kofia yake.

Malha alikuwa ananitazama, machozi yakishuka katika mikunjo ya uso na yeye hayafuti.

"Miaka yote hii natukana peke yangu," akasema polepole. "Leo amenijibu."

Kisha akanyoosha mkono kikapuni, akachagua tini nyingine.